Siku Uliyolala Sakafuni kwenye Zahanati ya Chuo

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwandishi wa barua huanza kwa kusema yeye hajambo, kisha aonyeshe hofu juu ya yule aliye mbali. Basi mimi sijambo. Nipo Nachingwea, nafundisha, na dawa nameza. Hofu juu yako sina tena, kwa sababu nilikuwepo Narung'ombe siku ya mazishi yako na niliona watu waliojaa uwanjani, hata wale wa Likunja ambao mlinuniana miaka mingapi kwa ajili ya mpaka wa mikorosho. Umepumzika. Mwenye hofu safari hii ni mimi, maana lipo jambo nililokuficha ulipokuwa hai, na sasa naliandika wazi, asome anayetaka.

Jambo lenyewe ni ile fomu ya afya ya chuo kikuu. Sikuisahau, Mjomba. Niliificha.

Nikisema hivyo tu, wasomaji hawataelewa kwa nini nimeweka mkono kifuani kabla ya kuandika. Ngoja niwarudishe nyuma, nawe usikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikikusomea barua za watu, kichwa umeinamisha na kofia umeiweka gotini.

Nilianza kuanguka nikiwa darasa la tano, tukivuna ufuta. Siikumbuki siku yenyewe, nimesimuliwa. Watu walikimbia, kwa sababu kwetu inaaminika kwamba mate ya mtu anayeanguka yanaambukiza, na hata aangukie motoni hashikwi. Wewe hukukimbia. Ninachokumbuka mimi ni kuzinduka na kuuona uso wako, jasho linakudondoka, nawe tayari umeanza utani. Ukaniuliza kama nimeshamaliza kulala, maana ufuta ulikuwa unatungoja. Mama alikuwa analia pembeni. Mimi nikacheka, na kwa sababu nilicheka, nikajua bado ni mtu.

Wiki hiyohiyo ukanipakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Yule tabibu akasema ni kifafa, kina dawa, na dawa hainywewi siku ya kuanguka tu, inanywewa kila siku. Akakufundisha namna ya kumshika mtu anayeanguka. Ulijifunza kama ulivyojifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima: polepole, unarudia kila kitu mara mbili kwa sauti, na ukishakijua hakikutoki tena. Kila mwezi baiskeli ilikwenda na kurudi. Siku nyingine uliendesha, siku nyingine uliisukuma kwenye mchanga mimi nikiwa nimekaa juu kama bibi harusi, na watu njiani wakikuuliza mahari umeshapokea.

Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, hilo kila mtu wa huku analijua. Lakini wewe ulikuwa na lako zaidi. Ulikuwa huwezi kumtoa mtoto kwenda kwa watu bila kumkabidhi, na kukabidhi kwako hakukuwa sifa tupu. Ulitaja na kasoro. Dada Fatu alipoolewa Nanganga, uliwaambia wakwe mbele ya kadamnasi kwamba anakoroma, kutwanga hapendi, na akikasirika hunyamaza siku mbili. Alilia kwa aibu chini ya ushungi. Miaka imepita, na mumewe hajapata hata siku moja ya kurudi kwako kusema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Ulisema mwenyeji asiyejua anachopokea hawezi kukitunza. Mimi nilicheka sana habari ya Fatu. Sikujua zamu yangu ingekujaje.

Zamu yangu ilikuja nilipomaliza kidato cha sita na kuchaguliwa chuo kikuu. Ulikuwa mwisho wa miaka ya tisini, na msichana wa Narung'ombe kwenda chuo kikuu ilikuwa habari ya kuzungumzwa kwenye magulio. Barua ya kuniita ilikuja na fomu ya afya ya kujazwa na daktari wa serikali. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, nikakutafsiria swali kwa swali: macho, masikio, kifua kikuu, wazimu, kifafa. Chini kulikuwa na mstari mdogo unaosema chuo kinaweza kumrudisha nyumbani mwanafunzi ambaye afya yake haimruhusu kusoma. Mstari huo sikukutafsiria. Huo ulikuwa uwongo wangu wa kwanza, na ulinitoka bila hata kufungua mdomo.

Tulikwenda hospitali Nachingwea. Ulivaa koti lako la Idi. Ulikataa kubaki kwenye benchi la nje, ukaingia na kukaa kwenye kiti cha pembeni ya mlango, magoti umeyabana kama mtu anayepigwa picha. Daktari alikuwa na foleni ndefu. Akanipima macho, akanisikiliza kifua, akaniuliza kama nina ugonjwa wowote wa siku nyingi. Nikasema sina. Alikuwa ameshashika kalamu.

"Samahani, daktari," ukasema. "Huyu ntoto anaanguka. Anakula dawa kila siku, na mimi ndiye nimpelekaye."

Daktari akakutazama, akanitazama mimi, kisha akaandika. Aliandika vizuri, lazima niseme. Aliandika kwamba nina kifafa, natumia dawa, nimekaa mwaka mzima bila kuanguka, na kwamba kwa maoni yake naweza kusoma nikipata dawa bila kukosa. Akagonga muhuri. Lakini mimi niliona neno moja tu katika karatasi yote ile.

Tulipotoka nikakuambia umeniua. Nilikuambia mengine pia, ambayo mtoto hamwambii mjomba wake. Hukunijibu mpaka tulipofika kwenye gari la kurudi kwetu Ruangwa. Ndipo ukasema taratibu, kana kwamba unaongea na mtu aliyekaa mbele yetu, "Huwezi kwenda kuishi na watu wasiokujua, Somoe."

Safari yote nilitazama dirishani.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilikuaga nikisema nakwenda Lindi kumwona rafiki yangu tuliyesoma naye. Kweli nilikwenda, na yeye alikuwa na fomu yake bado tupu. Tukaitoa fotokopi. Nikaenda nayo hospitali nyingine ambayo sitaitaja, kwa sababu hawakuwa na kosa lolote. Waliuliza, nami nikajibu, na safari hii hakukuwa na mzee mwenye koti pembeni ya mlango. Nikatoka na karatasi safi inayosema mimi ni mzima kama chuma.

Ile ya kweli nikabaki nayo. Utauliza kwa nini sikuichoma. Sikuweza, Mjomba. Nimelelewa nyumbani kwako, na kwako karatasi yenye muhuri wa serikali haichomwi, hata ikiwa risiti ya baiskeli iliyokwisha kuoza. Nikafumua mshono wa godoro langu la sufi, nikaitia ndani, nikashona tena. Nikaenda chuo.

Maisha yangu ya chuo mwezi ule wa kwanza sikukuandikia, kwa hiyo nakuandikia leo. Nilipangiwa chumba ghorofa ya tatu na kitanda cha juu, kwa sababu karatasi ilisema mimi mzima na wazima walipanda juu. Nilipanda na kushuka ngazi ile ya chuma nikihesabu vidole vya miguu. Vidonge nilivyotoka navyo nyumbani nilivimeza chooni. Zahanati ya chuo ilikuwa hatua chache kutoka bwenini, dirisha lake la dawa liko wazi, wanafunzi wanapanga foleni na kadi zao, wanapewa dawa, wanapewa hata cheti cha kupumzika. Mimi nilipita mbele yake kila asubuhi kama mtu anayekwepa nyumba ya mdai. Kuomba dawa ya kifafa kulikuwa kukiri kwamba ninacho. Vidonge vilipoanza kupungua nikaanza kuvikata nusu kwa wembe.

Wewe uliyenipeleka kila mwezi kwa baiskeli unajua nusu kidonge maana yake nini. Nilikuwa nakaribia kuanguka, na nilikuwa kitanda cha juu.

Siku moja, ilikuwa mchana, tulikuwa tunatoka darasani. Anjela, msichana wa Songea niliyekaa naye chumba kimoja, akaja mbio. Akasema kuna mzee zahanati anataja jina langu, na mzee mwenyewe yuko chini sakafuni. Nilikimbia, Mjomba. Nilikimbia nikijua ni wewe, sijui kwa nini nilijua, na nilikuwa nimeshaanza kukulilia kabla sijafika.

Nilikukuta umelala chali katikati ya chumba cha kusubiria, kofia pembeni, koti la Idi limejaa vumbi la safari. Wagonjwa wamesimama kwenye benchi ili waone vizuri. Sista mkuu wa zahanati, mama mnene wa makamo aliyeitwa Sista Domitila, alikuwa amepiga magoti kando yako. Nawe ulikuwa unamfundisha kazi.

"Hapana, sista, usinivute nkono. Na kijiko usinitie. Nigeuze ubavu. Eeh. Sasa niachie, ukae tu hapo karibu, nikizinduka nikuone."

Wanafunzi walikuwa wanacheka. Walicheka matamshi yako, wakacheka na miguu yako ilivyokuwa ikitikisika kuonyesha ninavyotikisika mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha Sista Domitila akakugeuza ubavu sawasawa kama ulivyotaka, akakaa kimya karibu yako, na wewe ukafumba macho. Ukumbi nao ukanyamaza. Ulipofumbua macho ukaniona mlangoni, na ukatabasamu kama mtu aliyefika kwake.

Kilichotangulia nilisimuliwa baadaye na sista mwenyewe. Ulifika dirishani baada ya siku nne za njia: lori la mahindi mpaka Nanganga, basi lililozama mchangani, kusubiri kivuko cha Rufiji, halafu Dar es Salaam ambako hukutaka hata kupumzika, ukauliza gari la kuja bara. Na hayo katika msimu wa korosho, korosho zinaanguka zenyewe na hakuna wa kuziokota. Ulikuwa na mfuko wa korosho za kubangua na kibuyu cha ufuta. Ukavisukuma dirishani. Ukasema wewe ni mjomba wa Somoe, mtoto amekuja hapa kuishi na hakukabidhiwa kwa wenyeji kama inavyotakiwa, na tena ameisahau karatasi yake nyumbani, basi umeileta, na unaomba kuonana na mwenye nyumba.

Mjomba, ulikichukulia chuo kikuu kama wakwe. Wasomi wote wale, majengo yote yale, wewe uliona ni ukoo uliopokea binti na haujaambiwa habari zake. Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu chumbani mpaka nikalia. Sasa nafikiri katika watu wote waliopita pale, ni wewe peke yako uliyejua chuo kinapaswa kuwa nini.

Sista Domitila alitoa jalada langu. Akaiona fomu ya uwongo, mimi ni mzima. Akaiona uliyomletea, mimi naanguka. Mihuri miwili, madaktari wawili, jina moja. Alikuwa mtu wa miaka mingi kazini, na alikwishawaona wajanja wa kila aina. Alinitazama mimi niliyesimama mlangoni na machozi, kisha akakutazama wewe unayejifuta vumbi. Akaichomoa ile ya uwongo, akaikunja, akaitia mfukoni mwa gauni lake jeupe. "Ahsante sana, mzee," akasema. "Hii ndiyo tuliyokuwa tunaingoja."

Sikuwahi kumshukuru vya kutosha.

Lakini karatasi ya kweli ilikuwa na hatari yake, ileile niliyoikimbia. Ilibidi iende kwa daktari wa chuo. Alikuwa mtu mpole, kijana bado, na alifuata alichoandikiwa. Alitueleza, mimi na wewe tukiwa tumekaa mbele ya meza yake, kwamba kwa utaratibu mwanafunzi mwenye maradhi kama yangu huahirishwa mwaka mmoja, akae nyumbani atulie, kisha apimwe upya. Hakusema kwa ubaya. Niliona kwamba anaamini ananisaidia. Mimi nilikuwa najua jinsi mwaka mmoja nyumbani unavyogeuka. Nawajua wasichana waliorudi kupumzika mwaka mmoja, na leo wana watoto watano.

Nilidhani hukuelewa, maana Kiswahili cha ofisini hakikuwa chako. Kisha ukamwuliza kwa adabu dawa hii ipo hapa. Akasema ipo. Ukamwuliza ipo siku zote. Akasema hapa haijakosekana. Ukamwambia zahanati yetu iko mwendo wa baiskeli, na ipo miezi mnafika mkaambiwa dawa haijaja.

"Sasa, daktari," ukasema, "ntu ngonjwa unantoa penye dawa unanrudisha pasipo na dawa, ili apone?"

Daktari akaishika kalamu yake, akaiweka. Akamtazama Sista Domitila, aliyekuwa ametusindikiza. Sista akatazama dari. Nakumbuka feni ilivyokuwa ikipiga kelele. Kisha daktari akakuuliza wewe, wala si mimi, ungependa chuo kifanye nini.

Ulikuwa umeshapanga. Ulihesabu kwa vidole kama unavyowapangia watu kazi ya shamba. Alale chini, siyo ghorofani. Kitanda cha chini. Mwenzake wa chumba afundishwe kumlaza ubavu. Dawa achukue hapo dirishani kila mwezi, na asipokuja mwezi mmoja, sista amfuate. Na akianguka siku ya mtihani, apewe siku nyingine. Daktari aliandika yote. Mwisho alikuongezea la kwake: asiogelee peke yake. Ukamwambia huyo hata mtoni akifua anaogopa, na wote wawili mkacheka, na mimi nikabaki chuoni.

Kesho yake asubuhi uliondoka, kwa ajili ya korosho. Nilikusindikiza stendi. Nilitaka kukuambia. Neno lilinifika mpaka kwenye meno. Ukanitangulia, ukanigusa kichwani ukasema, "Wewe una akili ya kitabu, lakini msahaulifu. Karatasi kubwa vile unaiacha." Nikasema ndiyo Mjomba, nisamehe. Ukasema wasomi wote ndivyo walivyo.

Nilisoma miaka yangu yote pale, na nilianguka mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa Anjela peke yake chumbani, na alinigeuza ubavu bila kupiga kelele. Nilipozinduka alikuwa amekaa karibu, kama ulivyomwelekeza sista, ila yeye alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Mara ya pili ilikuwa kwenye chumba cha mtihani. Msimamizi alitaka kuniita teja, lakini mwanafunzi mmoja wa kiume nisiyemjua aliruka meza akanilaza sawasawa, na baadaye akasema alikuwa zahanati na malaria siku ile mzee alipolala chini. Karatasi ya mtihani nikapewa siku nyingine, kama ilivyoandikwa.

Na hili hukulijua, au labda sista alikuandikia: mwaka uliofuata, wiki ya kuwapokea wapya, Sista Domitila aliwakusanya mwaka wa kwanza wote bwaloni. Akavua viatu, akatandika khanga, akalala chini mbele yao na uzito wake wote. Walicheka, kisha wakanyamaza, kama walivyonyamaza kwako. Kisha akawaambia kwamba fomu zao za afya zimepokelewa, lakini mtu yeyote mwenye jambo ambalo halikuandikwa vizuri aje amwone peke yake, wiki hiyo nzima, na hatarudishwa nyumbani. Nilikuwa nimekaa nyuma. Jioni hiyo nilipita zahanati kuchukua dawa zangu, nikaona foleni kwenye mlango wake. Walikuwa wenye pumu, wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo, na mmoja aliyefunika uso. Wote walikuja na karatasi safi, Mjomba. Nilidhani mwongo nilikuwa mimi peke yangu.

Ule mstari mdogo wa kurudishwa nyumbani nao uliandikwa upya kabla sijahitimu. Sijui ni nani hasa waliokaa vikao, na sitaki kukupa sifa isiyo yako. Lakini daktari yule alituambia siku moja, tukiwa tumekwenda kuchanjwa, kwamba kuna swali aliwahi kuulizwa na mkulima na mpaka leo hajapata jibu lake.

Nilirudi huku na shahada, na jina langu lilikuwa limeshatangulia. Narung'ombe nzima ilikuwa inajua mimi ni msahaulifu. Ulikuwa umewasimulia safari yako kila mtu, mpaka wauza chumvi, na kila ulipoisimulia basi lilizidi kuzama. Nilipokuja likizo uliniuliza mbele ya wageni kama nimekumbuka kuja na miguu yote miwili. Nilicheka nanyi. Ndani nilikuwa naumia, nikijiambia nitakuambia mwakani, nitakuambia baada ya mavuno. Ulipolazwa nilikuja nikakaa karibu na kitanda chako nikaongea habari za shule, habari za mvua, habari za bei ya ufuta. Muda ulikuwepo. Nilikosa moyo.

Siku ya tatu ya msiba nilimwambia mama. Nilimwambia kwamba nilikudanganya, na umeondoka ukiamini uwongo. Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuacha kuchagua. Akasema yeye alianika godoro langu mwezi ule nilioondoka, akasikia kitu kinakwaruza ndani, akafumua mshono akatoa karatasi. Kusoma hajui, akakuita. Kiingereza hukukijua, lakini ulisoma jina langu na muhuri wa hospitali, umesimama, midomo inacheza. Ukautazama mshono. Kisha ukasema, "Kasahau. Nitampelekea." Ukaenda kutafuta koti.

Mjomba, nani anasahau karatasi ndani ya godoro lililoshonwa?

Ulijua. Ulizama mchangani, ukalala chini mbele ya watoto wa watu wakakucheka, ukijua kwamba unafanya hayo kwa ajili ya mtu aliyekudanganya. Na kwa miaka ile yote ulitangaza usahaulifu wangu kila kijiji, ili asiwepo wa kufikiria jina lingine baya zaidi. Nilikuwa naona aibu ukinitania. Kumbe ulikuwa unanisitiri. Sijui kama nimewahi kumheshimu mtu kama ninavyokuheshimu wewe, na nimekaa na maprofesa.

Sasa nikupe habari za juzi, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Kuna mwalimu mwenzangu hapa Nachingwea, kwao ni wahamiaji waliotoka Msumbiji zamani, watu wa dini na kilimo. Yeye anajua habari zangu, alinikuta nimeanguka ofisini kabla hatujawahi hata kuzungumza. Juzi wazee wake walikuja nyumbani kwa mama. Walikaa ukumbini, wakanywa chai, wakasema walichokuja nacho. Ukafika wakati wa upande wetu kusema. Wajomba wadogo wakatazamana. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwingine, na wote walikuwa wanakisubiri kiti chako. Mjomba mdogo akaanza kunisifu: nina shahada, ni mpole, ni mswalihina. Sifa tupu. Nikaona anafika mwisho, anataka kukaa.

Desturi hairuhusu binti kusema pale. Nilikuwa chumbani nyuma ya pazia. Nilitoka. Mama alinishika khanga nikaivuta. Katika maisha yangu yote, Mjomba, sikuwahi kulitamka mimi mwenyewe. Hospitali ulisema wewe. Chuoni ulisema wewe. Hata yule mwalimu aliliona tu.

Nikasema, "Shikamooni. Mimi naanguka. Nina kifafa tangu darasa la tano, na nameza dawa kila siku."

Wazee wakatazama vikombe vyao. Shangazi wa mwalimu, bibi mmoja mwembamba ambaye tangu aingie hakuwa amesema lolote, alinikazia macho kwa muda mrefu sana. Kiswahili chake ni cha kuokoteza kama kilivyokuwa chako.

"Hiyo dawa," akasema, "unakula kabla ya chakula au baada?"

Nikamwambia baada ya chakula cha jioni.

Akageuka kwa wenzake. "Basi kwetu tupike mapema," akasema, na akaomba aongezewe chai.

Wasalimie waliotangulia, Mjomba, nami nikuache upumzike.

Mpwa wako,
Somoe